Mwachie Mkono Kwanza

Jioni moja hapa Mutoshi, mafundisho ya ndoa yalipokwisha, binti mmoja alibaki nyuma ya wenzake. Mkononi alikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, hadithi ya mapendo, cha namna ile iuzwayo kwa bei ndogo sokoni Kolwezi. Akaniambia: “Mwalimu, mchumba wangu alinifungia nyumbani mwake tangu asubuhi hata jioni, kwa sababu ya wivu. Yaya wangu anasema ni dalili ya mapendo. Hata humu kitabuni mwanaume anafanya hivyo, na mwishoni wanaishi kwa raha. Wewe unaonaje?”

Ningalimjibu upesi, kama nisingalikuwa na deni langu mwenyewe. Zamani zile za seminari, kitabu kama hicho kilipita kwetu kutoka godoro hata godoro. Shujaa wake alikuwa tajiri, mkali, mwenye maneno machache. Alimshika mwanamke kwa nguvu, akamliza, kisha akapendwa. Sisi vijana tulimsifu sana.

Nilipotoka seminari nikachumbia. Siku moja mchumba wangu alitaka kurudi kwao kabla sijamaliza maneno yangu. Nikamshika mkono barabarani, nikaukaza, nikidhani ndiyo nguvu ya mapendo. Hakulia. Alisema tu: “Niachie mkono kwanza, kisha uniulize.” Nikamwachia. Akaenda zake, wala hakugeuka. Nilingoja jibu wiki tatu.

Shujaa huyo si mtoto wa jana. Mwaka 1919, mama mmoja wa Uingereza, E. M. Hull, alitoa kitabu kiitwacho The Sheik. Ndani yake mwanaume anamnyakua msichana katika jangwa la Algeria na kumtenda kwa nguvu. Naye msichana mwishowe anampenda. Mwaka 1921 hadithi hiyo ikafanywa filamu, na watu wengi wakaishangilia. Hata mwaka 1972, huko Marekani, Kathleen Woodiwiss alitoa hadithi nyingine ya mapendo yenye kuanza kwa nguvu za namna hiyo, nayo ikanunuliwa mno.

Tuseme haki: waandishi wanawake wenyewe waliwatetea mashujaa hao. Walisema msomaji anajua kwamba ni hadithi tu, na kwamba mwishoni mwanamke ndiye anayemshinda yule simba. Lakini fikira zimegeuka. Vitabu vya giza vingali vinauzwa, ila siku hizi wasomaji wengi hawakubali tena kwamba kutubu katika ukurasa wa mwisho kunafuta nguvu za ukurasa wa kumi. Katika hadithi nyingi mpya mwanaume anauliza, kisha anangoja.

Je, jambo hilo ni geni kwetu Wakristu? Hata kidogo. Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563, na Sheria ya Kanisa ya 1983 inarudia katika kanuni ya 1089: mwanamke aliyenyakuliwa au kuzuiliwa kwa nia ya kuolewa hawezi kufunga ndoa na mtu huyo, mpaka kwanza atengwe naye, awekwe mahali pa usalama na uhuru, ndipo achague kwa hiari yake. Na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 inaadhibu ndoa ya kulazimishwa.

Nikamwambia yule binti: “Mwanangu, habari yako si ile ile kabisa, lakini tazama utaratibu wa Kanisa. Haliulizi kwanza kama mwanaume anapenda sana. Linafungua mlango kwanza, ndipo linauliza. Mtu aliyefungiwa, hata akisema ndiyo, nani atajua ni ndiyo ya moyo au ya woga?”

Alikaa kimya, kisha akakiweka kitabu chake mfukoni. Sikumnyang’anya, ningalikuwa nimemshika mkono mara nyingine. Jumapili iliyofuata aliniambia kwamba yuko kwa wazazi wake, na mchumba amepewa habari: asubiri, wala asije bila kuitwa. Jibu ni lake.

Na yule aliyeniambia “niachie mkono kwanza”? Ndiye bibi yangu. Baada ya wiki tatu alikuja mwenyewe, mchana, kwa miguu yake, na ndiyo yake nimeiamini hata leo.

Vijana wa Mutoshi, someni hadithi zenu. Lakini mkifika kwa binti wa watu, fungueni mkono kwanza.