Masizi ya Kibatari na Tupa ya Mhunzi

Watu wengi watajapo utamaduni wa Taifa hukumbuka ngoma, mashairi na vinyago. Ni wachache wakumbukao tupa ya mhunzi. Mimi niliyelelewa Muleba, jirani na karakana ya mzee mmoja aliyetengeneza magobori ya wawindaji, naamini kwamba kazi ile ilibeba elimu na maadili yasiyofaa kupotea.

Bunduki za kushindilia baruti zilifika kwetu katika karne ya 19, kwa misafara ya biashara iliyopita Tabora na Karagwe. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika Afrika, ukaziachia nafasi zile za kale. Zilipochakaa, wahunzi waliziiga sehemu moja baada ya nyingine. Chuma hakikuwa kigeni kwao: huko Katuruka, Bukoba, kiliyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mzee yule hakuwa na vipimo vya kiwandani. Alikishika kipande kipya juu ya moshi wa kibatari hata kikajaa masizi, akakiingiza mahali pake, kisha akakitoa. Palipogusana, masizi yalibanduka; hapo ndipo alipopitisha tupa, mara moja au mbili tu, akarudia tena. Tupa huondoa, hairudishi. Mwisho alihakikisha kwamba kijinyundo chaangukia katikati ya fataki, na kwamba kijiti chenye tundu kinachoibeba fataki kimeshika barabara. Pengo dogo mahali hapo latosha kuurudisha moto wa baruti usoni mwa mpigaji.

Siku moja mwindaji alilitaka gobori lake kabla halijakamilika.

"Mzee, nyani wanamaliza ndizi zangu," alilalamika.

"Mwanangu, ndizi huzaa tena. Jicho halioti."

Akalizuia gobori, na fedha hakuzipokea, ingawa nyumbani kwake palikuwa na haja nazo.

Hali ni hiyo hiyo ughaibuni. Bastola za Samuel Colt, aliyepata hataza ya Marekani mwaka 1836, zimekuwa zikitengenezewa nakala nchini Italia tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mashine zipo, lakini kila tundu la silinda bado halina budi kulingana na mtutu.

Sitetei silaha isiyo na kibali. Sheria ya mwaka 2015 yapasa kutiiwa. Ninachokitetea ni ule ustadi. Mwaka 1976 watafiti waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kwa njia ya jadi, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo mingi. Wazee walilazimika kujaribu tena na tena. Mkono husahau upesi kuliko mdomo.

Basi vyuo vyetu vya ufundi viwaite wahunzi waliobaki, wawafundishe vijana kupatanisha vipande kwa masizi, hata kama kitakachotengenezwa ni bawaba ya mlango.