Shizuoka, Mji wa Eropleni Ndogo

Msafiri atokaye Tokyo kwa gari moshi liendalo kasi kuelekea kusini-magharibi huchukua muda wa saa moja hivi kufika Shizuoka, mji ulio kati ya milima na bahari, kiasi cha kilomita 180 kutoka mji mkuu. Siku isiyo na mawingu huuona mlima Fuji upande wa kulia. Mkulima wa Kericho au Limuru angeanza kwa kuvitazama vilima, kwa maana Shizuoka ni nchi ya chai tangu zamani, na mistari ya michai imepandwa hata kwenye miteremko ambayo mtu angedhani ni ya mbuzi tu. Lakini akiingia mjini atakuta kitu cha ajabu kuliko chai. Tangu mwaka 1 baada ya 2020 imesimamishwa huku na huku minara ya namna ya peke yake: kwa mfano sanduku la kutilia barua, ambalo vipande vyake vingine vingali vimeshikana na fremu yao, kama matunda yasiyochumwa bado.

Wenyeji hawaulizi maana yake. Hivyo ndivyo vinavyoonekana vipande vya mfano wa plastiki vikitoka kiwandani, na mifano hiyo ndiyo sifa ya mji wao: meli, vifaru, motakaa, na eropleni za vita ambazo ndizo habari yetu. Makampuni ya Tamiya, Aoshima na Fujimi yako Shizuoka. Hasegawa iko Yaizu, mji wa wavuvi ulio jirani. Sehemu kubwa ya mifano ya plastiki itengenezwayo Japani hutoka katika mkoa huu mmoja.

Kwa nini hapa? Ukiwauliza wenyeji watakuonyesha hekalu la Sengen, lililo chini ya kilima cha Shizuhata. Tokugawa Ieyasu, mtawala wa Japani nzima, alikaa Shizuoka katika miaka yake ya mwisho mpaka alipokufa mwaka 1616, na mjukuu wake akalijenga hekalu hilo upya kwa fahari kubwa. Moto ukaliteketeza, likajengwa tena kuanzia mwaka 1804, kazi iliyochukua miaka kama 60. Husimuliwa kwamba mafundi seremala, wachongaji na wapaka rangi walioitwa kutoka kila upande wa nchi waliona hali ya hewa ni njema na mbao ni tele, wasirudi kwao. Watoto wao wakaendelea na samani, masanduku na vitu vya kuchezea. Basi mji ukawa na mikono iliyozoea kazi ndogo ndogo za mbao muda mrefu kabla ya eropleni kuvumbuliwa.

Aoshima ilianza mwaka 1924, na mwanzilishi wake alikuwa mtu mwenye mapenzi ya kuruka angani. Wakati wa vita watoto wa shule wa Japani walifundishwa kuunda ndege za mbao na karatasi. Kisha vita vikaisha mwaka 1945, na Wajapani wakakatazwa kuunda eropleni za kweli hata mwaka 1952.

Tamiya yenyewe haikuanza na mifano hata kidogo. Mwaka 1946 ilikuwa ni biashara ya kupasua mbao. Mwaka 1951 moto ukaunguza ghala, na wenye kampuni wakageukia mifano ya mbao kwa sababu huo ndio mtaji uliosalia. Walipoanza kupata nafuu, mifano ya plastiki ikaingia kutoka Marekani, na wateja wakaikataa ya mbao. Mwaka 1960 Tamiya ikatoa mfano wake wa kwanza wa plastiki, nao ni wa manowari iitwayo Yamato, ukaleta hasara. Kilichowaokoa ni kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndogo ya umeme ndani na picha nzuri juu ya sanduku iliyochorwa na Shigeru Komatsuzaki, ambaye wavulana walimjua kwa picha zake katika magazeti yao.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na ubora wote wa mfano umo katika kalibu hiyo. Eropleni maarufu ya Japani iitwayo Zero, ile ya mwaka 1940, ilikuwa na mabawa ya mita 12 toka ncha hata ncha. Katika kipimo cha moja kwa 48 ni sentimita 25. Katika kipimo cha moja kwa 72 haifiki 17. Mnunuzi hufungua sanduku akakuta vipande vya rangi moja na karatasi ya maagizo. Hukata kila kipande kwa koleo ndogo na kulisawazisha kovu kwa tupa na msasa. Huanza na chumba cha rubani, kwa kuwa mwili ukishafungwa mkono hauingii tena. Mshono wa katikati ya mwili ndio unaomtofautisha fundi na mtoto: fundi huuziba, akausugua, akapaka rangi, akauona bado upo, akaanza tena.

Rangi ni elimu nyingine. Katika miezi ya mwisho ya vita rangi ya ndege nyingi za Japani ilikuwa ikibambuka, bati likaonekana. Ili kuiga hali hiyo, wapo wapakao kwanza rangi ya fedha, wakalowanisha mahali pamoja na kunyunyiza chumvi ya kawaida ya jikoni, kisha wakapuliza rangi ya kijani juu yake. Ikikauka huisugua chumvi, nayo hubanduka ikiacha mabaka ya fedha. Alama za taifa hulowekwa katika maji na kutelezeshwa juu ya bawa. Moshi wa injini huonyeshwa kwa vumbi la chaki. Mtu aweza kumaliza miezi mitatu kwa ndege moja, na mkewe ana haki ya kulalamika.

Kila mwezi wa Mei hufanyika maonyesho makubwa mjini, na vyama vya waundaji kutoka mahali pengi huleta kazi zao na kuzipanga mezani. Hapo utaona Zero karibu na Mustang ya Marekani, ambayo mwaka 1945 ilitoka kisiwa cha Iwo Jima kuja kuipiga Japani. Kampuni ile ile huuza zote mbili. Utaona pia Hayabusa, ndege iliyotumika sana na jeshi la Japani katika Burma, ambako askari wetu wa K.A.R. walipigana mwaka 1944. Mtazamaji aweza kuhesabu misumari ya bawa. Alama zote za vita zimo, isipokuwa zile zilizokuwa chini ya ndege. Hizo sikuziona zikiundwa, wala sidhani zingepata mnunuzi.

Nazo zilikuwa hapo hapo. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Juni 1945, zaidi ya eropleni 100 za Marekani aina ya B-29 ziliumwagia mji wa Shizuoka mabomu ya moto. Karibu watu 2,000 walikufa. Ndege mbili kati ya hizo ziligongana juu ya mji, na Wamarekani 23 waliokuwamo wakafa wote. Bwana Fukumatsu Ito, mwenyeji wa hapo, aliwazika wageni hao pamoja na wenyeji waliouawa nao. Katika mabaki alipata chupa ya maji ya askari, nyeusi kwa moto.

Minara ya kumbukumbu iko juu ya kilima cha Shizuhata, ambacho hekalu la mafundi liko chini yake. Kila mwaka mwezi wa Juni Wajapani na wanajeshi wa anga wa Marekani hupanda huko pamoja. Chupa ile ingalipo. Hutiwa wiski, ikamiminwa juu ya jiwe.