Mguu wa Kaka Yetu

Kwetu Malemba-Nkulu, ukingoni mwa mto Lualaba, ni vigumu kupata ukoo usio na mtu aliyevunjika kiungo. Huyu alianguka kutoka katika mchikichi, yule aliteleza mtumbwini, na wengine huangushwa na baiskeli zilizotwikwa magunia ya mahindi, maana baiskeli ndizo magari ya njia zetu. Kaka yetu alikuwa mmoja wa hao wa baiskeli. Mzigo ulimwangukia mteremkoni, na mfupa wa muundi ukavunjika.

Hospitalini alifungwa plasta tangu pajani hata wayoni. Siku ya kuifungua, daktari alisema mfupa umeshikana, naye aanze kukanyaga kidogo kidogo. Maneno hayo tuliyasikia, lakini hatukuyashika.

Kosa lilikuwa letu, twakiri. Mama alimletea chakula mkekani. Sisi wadogo tulimbeba hata chooni. Akijaribu kusimama, nyumba nzima ilipiga kelele: “Kaa, usijivunje tena!” Tulidhani huo ndio upendo. Baada ya miezi miwili paja lilikuwa limekonda, goti halikunjiki, naye kaka, mtu wa mzaha tangu utoto, alikuwa akiutazama ukuta tu. Tena alikuwa na watoto wanne, na karo yao ilitoka katika baiskeli ile.

Ndipo akafika kwa jirani mgeni kutoka Lubumbashi, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani kazi ya kurudisha nguvu za viungo kwa mazoezi. Watu wa namna hii ni haba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.4 walikuwa na maradhi au majeraha yaliyohitaji msaada wa kurudisha uwezo wa mwili. Lakini katika baadhi ya nchi maskini wataalamu wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Basi sisi tulikuwa na bahati. Mgeni aliupapasa mguu, akasoma karatasi ya hospitali, kisha akamwambia mama yetu kwa heshima: “Mama, plasta ya daktari ilikwisha kuondolewa. Iliyobaki ni hii yenu.”

Mama alinyamaza siku nzima.

Alitueleza kwamba msuli usiotumika hunywea, kiungo kisichokunjwa hukakamaa, na mfupa ulioungana hupata nguvu kwa kubebeshwa uzito kidogo kidogo. Hakutaka chombo chochote cha fedha. Kitenge kilichokunjwa kiliwekwa chini ya goti. Kaka alilikandamiza, tukahesabu hata tano, akapumzika, akarudia mara kumi. Kisha aliunyosha mguu na kuuinua shibiri moja. Kisha aliketi juu ya benchi, akaukunja polepole, mguu mzima ukiusukuma mgonjwa. Uani tulichimbia nguzo, tukafunga miti miwili mirefu sambamba, kimo cha nyonga, naye akatembea katikati yake akijishikilia kwa mikono.

Siku za kwanza alilia, na mama alikimbilia jikoni asisikie. Mgeni alitufundisha kupambanua: maumivu yanayotulia baada ya kupumzika ni ya kazi, yanayozidi hata asubuhi yataka zoezi lipunguzwe. Bali shavu la mguu likivimba na kuwa moto, au pumzi ikibana, hapo hakuna mazoezi tena, ni kukimbilia hospitali. Alikataza pia kuvuta goti kwa nguvu, kama wafanyavyo wakandaji wengine.

Jambo moja lilitushangaza. Sote tungalimpa fimbo upande wa mguu mbovu. Kumbe hushikwa kwa mkono wa upande mzima. Na katika kupanda ngazi mguu mzima hutangulia, katika kushuka hutangulia ule mgonjwa. Watoto wake waliimba jambo hilo kama wimbo, wakamchosha kweli.

Ilichukua miezi mitano. Goti halikunjiki lote. Kanisani wengine wakipiga magoti, yeye husimama karibu na nguzo. Lakini baiskeli ameirudia, kwa mzigo mdogo zaidi. Miti ya uani mama aliigeuza ya kuanikia nguo, mpaka juzi alipoletwa mtoto wa jirani aliyeanguka kutoka mwembeni. Mama mwenyewe aliziondoa nguo, akamwita kaka aje kumwonyesha pa kushika.