Kabureta ya Nyuma

Jumamosi moja ya Januari, hapa Cowley, upande wa mashariki wa mji wa Oxford, nilikuwa nimeinama juu ya injini inayounguruma. Ncha moja ya kipande cha mpira wa maji ilikuwa sikioni mwangu, ya pili nimeielekeza kwenye mdomo wa kabureta. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kopo la oili. Upande wa pili wa simu alikuwapo mzee mmoja wa Changamwe, Mombasa. Namwita Ami ingawa hatuna damu moja. Alikuwa fundi wa baba yangu miaka yote niliyokulia nyumbani.

"Ya mbele inasemaje?" akauliza.

"Inazomea, Ami. Kama nyoka aliye mbali."

"Na ya nyuma?"

Nikahamisha mpira. "Hii inafoka."

"Basi inavuta pumzi kubwa kuliko mwenzake. Kaza taratibu, mwanangu, legeza taratibu. Usiwe na pupa."

Gari lenyewe ni MGB GT ya 1971. Liliundwa Abingdon, mwendo mfupi kusini mwa hapa, katika kiwanda kilichotoa zaidi ya MGB 500,000 kati ya 1962 na 1980, mwaka kilipofungwa. Injini yake ni ya cc 1798, silinda nne, na hunyweshwa na kabureta mbili za SU zilizopangwa ubavuni. Mbili hizo lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo silinda mbili hufanya kazi na mbili hukokotwa. Vipo vyombo vya kupimia jambo hilo, lakini njia ya zamani ni mpira na sikio.

Herufi MG ni kifupi cha Morris Garages. Ni jina la gereji. William Morris alianza kwa kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake, hapa hapa Oxford, miaka ya 1890, na gari la michezo linaloheshimika dunia nzima likabeba jina la mahali pa spana na grisi. Siku nilipolijua hilo nilimkumbuka Ami, nikamkumbuka na marehemu baba.

Baba alikuwa na Peugeot 404. Likiharibika, Ami alikuja na mfuko wake wa gunia, akatandika kadibodi chini, akaingia. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika tochi. Nilishika tochi kwa miaka, nikajua kila mlio wa gari lile, lakini spana sikupewa. Jioni moja, nadhani nilikuwa na miaka kumi na mbili, nilinyoosha mkono nikaiokota namba kumi na tatu, baba akanizuia. "Soma, mwanangu," akasema, "usije ukashinda chini ya magari ya watu." Miguu ya Ami ilikuwa imechomoza chini ya gari, hatua moja kutoka hapo. Alisikia. Hakusema neno, na kazi aliimaliza vizuri kama siku zote. Sijawahi kumwomba radhi kwa maneno yale kwa sababu si mimi niliyeyasema, lakini nimeyabeba.

Nilisoma, nikaja Uingereza. Na kitu cha kwanza kilichonishangaza mtaani kwetu ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, amelala chali chini ya Triumph Spitfire yake, mikono imejaa weusi wa oili mpaka viwiko. Huku kuna daktari anayepasua watu wiki nzima na Jumapili anapasua sanduku la gia. Hakuna anayemhurumia, wala hakuna anayedhani amekosa pesa ya fundi. Jirani huyo ndiye aliyenionyesha gari langu kabla sijalinunua, akalipiga vizingiti vya chini ya milango kwa bisibisi, akisikiliza. MGB haina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa. Vizingiti vikioza, gari limeoza mgongo.

Adui ni chumvi. Majira ya baridi barabara za huku hunyunyiziwa chumvi ili barafu isigande, nayo huingia kila upenyo na kukaa humo mpaka kiangazi. Kwetu chumvi hupanda kutoka baharini usiku, na kila Mmombasa anajua gari la Nyali linavyokwisha kabla ya gari la Nakuru. Ami alikuwa akipaka oili chafu chini ya 404 kila mwaka, oili aliyoimwaga yeye mwenyewe wakati wa kusafisha injini. Hapa nimenunua nta maalumu ya kupuliza ndani ya mianya ya bodi. Ni dawa moja, maduka mawili.

Kwenye rafu ya gereji yangu kipo kitabu cha Haynes, kurasa zake zimejaa alama za vidole. Hadithi yake inanigusa kila nikiifikiria. John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza, na mwaka 1965 alikuwa Aden. Yeye na mwenzake wakachukua Austin-Healey Sprite, gari dogo lenye taa kama macho ya chura, ambalo nalo liliundwa kiwanda kile kile cha Abingdon. Kitabu cha kiwanda hakikumfaa mtu wa kawaida. Kwa hiyo walilifungua gari kipande kwa kipande, na kila hatua ikapigwa picha. Mwaka uliofuata kitabu chake cha kwanza cha aina hiyo kikachapishwa. Aden! Bandari ambayo majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka Mombasa tangu enzi za mababu. Maarifa hayo yalianzia jirani na bahari yetu, lakini yalielekea kaskazini, yakawa vitabu.

Ya Ami hayakuandikwa popote. Kijana aliyejifunza kwake alijifunza kwa kutazama, kutumwa na kukaripiwa, na wanawe mwenyewe hawakutaka. Yeye naye aliwaambia wasome.

Lakini kitabu hakina kila kitu. Hili nililigundua nilipoanza kufanya kazi peke yangu. Majina ya vipande ninayo kwa Kiingereza, kwa kuwa niliyasoma. Magonjwa ya gari ninayo kwa Kiswahili tu, kwa kuwa niliyasikia nikiwa na tochi mkononi. Gari linakohoa asubuhi. Linachemsha. Linakula oili. Linatapatapa, linasita, linavuta upande wa kushoto. Kitabu kinaniambia nafasi ya vali iwe inchi 0.015, na ni kweli, ndivyo ninavyopima. Lakini vali iliyolegea Ami huiita "mshonaji", kwa sababu inagonga kama cherehani, na tangu utoto sijawahi kukosea mlio huo. Nikiwa huku mwaka wa ishirini na mbili, nimejikuta natafuta maneno hayo kama mtu anayepapasa swichi gizani, na yapo.

Kuhusu spea, hapa nimedekezwa. Karibu kila kipande cha MGB bado kinatengenezwa. Tangu 1988 hata bodi nzima mpya inanunuliwa, imepigwa kwa mashine zile zile za zamani. Inafika kwenye boksi. Ami aliwahi kuchonga bushi ya 404 kutoka mpira wa tairi kuukuu la lori, kwa kisu, jioni moja, na ile bushi ilidumu safari nyingi. Huwa napenda boksi, sitasema uongo. Lakini mara mbili nimeletewa kipande kipya kisichokaa sawa, nikakaa nacho mkononi nikingoja kingine kiletwe, na nikajua kwamba mkono wangu umefundishwa kubadilisha, haujafundishwa kutengeneza.

Hata sheria zinalitazama gari hili kwa macho tofauti. Uingereza, gari likitimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na tangu 2018, kama halijabadilishwa sana, halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Mwenyewe unaaminiwa. (Mimi langu nalipeleka kukaguliwa bado, breki si jambo la kuaminiana.) Kenya, gari lililozidi miaka minane kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa. Ninaielewa sababu, hatukutaka kuwa jalala la magari ya wengine. Ila maana yake ni kwamba siku nitakayorudi moja kwa moja, hili nililolifunga kwa mikono yangu huenda likabaki huku. Sijui nitamwachia nani.

Nikiwaza heshima ya kazi ya mikono, huwa namkumbuka Joginder Singh, aliyekuwa fundi wa Nairobi kabla ya kuwa shujaa. Mwaka 1965 alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika kwingine, wakaitayarisha wenyewe. Nchi nzima ilimshangilia fundi. Tulikuwa nayo heshima hiyo. Sijui lini tuliiweka chini.

Tukarudi kwenye kazi. Hewa ilipokuwa sawa, Ami akataka tupime mchanganyiko. Unainua pistoni ya kabureta kidogo sana, chini ya milimita moja, na kusikiliza. Injini ikipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli haitoshi. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, iache. Nilimuuliza aliyajulia wapi haya, kwani 404 haikuwa na SU.

"Morris Minor zilikuwa nazo," akasema. "Na palikuwa na bwana mmoja wa Kizingo mwenye Datsun 240Z, baada ya Mehta kushinda Safari Rally ya 1973. Kabureta zake za Kijapani, tabia hii hii. Alikuwa akiniletea mimi tu."

Mlango wa gereji ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi, na baridi ilikuwa ikiingia na ukungu. Jirani akatokea na kikombe chake cha chai, akasikia sauti ya mzee. Aliposikia neno Datsun akasimama. Aliuliza ni nani. Nikamwambia ni mwalimu wangu.

"Mpe mpira," Ami akasema. "Na yeye asikilize."

Jirani akaweka kikombe chini, akainama, akasikiliza ya mbele, akasikiliza ya nyuma kwa muda mrefu zaidi. Kisha akasema anahisi ya nyuma bado imezidi, kidogo tu. Nikatafsiri.

Kimya upande wa Changamwe. Nyuma yake nilisikia muadhini wa magharibi akianza.

"Mwambie ana sikio zuri," Ami akasema. "Na muulize gari lake linakula oili ya namba gani. Nakwenda kuswali, nakuja. Usizime injini."

Nikaweka kopo la oili la pili kando ya la kwanza, ili simu isianguke, na jirani akavuta kigoda.