Kitulizo cha Picha na Stendi ya Miguu Mitatu

Hapa kwetu Kasongo na kule Kabambare karatasi za zamani zimekuwa chache. Vita vya 1964, na vile vya miaka ya 1996 hadi 2003, viliteketeza nyingi. Zilizosalia zinaliwa na mchwa. Ndiyo sababu jamaa wakituletea cheti cha ubatizo cha babu yao, au picha ya arusi iliyofifia, sisi walimu huvipiga picha upesi, ili watoto wapate kuijua asili yao.

Kwa kazi hiyo twaitia kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Chumbani mna mwanga mdogo, na kamera haina budi kupokea mwanga huo kwa nusu sekunde au zaidi. Mkono wa mwanadamu hauwezi kutulia muda huo wote. Walakini kijana mmoja alipiga kurasa ishirini za daftari la mzee, stendi imara kama nguzo, na maandishi yakatoka kama yamefunikwa na ukungu. Mzee alikuwa amekwisha kuvuka Lualaba kurudi kwake. Tulipolitafuta tena daftari lile, mchwa walikuwa wamelila.

Yafaa sababu yake ijulikane. Mwaka 1995 kampuni ya Canon ilitoa lenzi yake ya kwanza yenye kitulizo, na leo kamera nyingi zinacho. Ndani yake mna vipimo vidogo vinavyosikia mtikisiko wa mkono, na mota inayosogeza kioo kimoja cha lenzi upande wa pili, ili picha isiyumbe. Katika kamera nyingine husogezwa bamba lenyewe lipokealo mwanga. Mkononi chombo hiki chafaa sana. Lakini juu ya stendi hakuna mtikisiko wa kutulizwa. Hapo vipimo vyaweza kuudhania mtetemo wa mota yenyewe kuwa ni wa mkono. Mota ikaurekebisha, na marekebisho yakazaa mtetemo mwingine.

Ni kama mpiga kasia asimamaye mtumbwini. Majini yampasa kuyumbisha mwili ili mtumbwi ukae sawa. Lakini ukiisha kutiwa kwenye magogo nchi kavu, akizidi kuyumba atauangusha mwenyewe.

Basi tufanyeje? Kamera ikitua imara juu ya stendi, tukizime kitulizo. Swichi yake huwa ubavuni mwa lenzi, au katika orodha ya kamera yenyewe. Tena tutumie saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili, kidole kisiitikise kamera.

Hata hivyo si lenzi zote zilizo sawa. Tangu 1999 zimetoka zile zinazotambua zenyewe kuwa zimo juu ya stendi, nazo hujirekebisha. Kwa hiyo kijitabu cha mtengenezaji na kisomwe kwanza. Na stendi ikiwa inatikiswa na upepo, au kichwa chake kimelegezwa ili kufuata mtu anayetembea, kitulizo chaweza kusaidia bado.

Mwenye shaka apige ukurasa mmoja mara mbili, kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, kisha akuze herufi katika kioo cha kamera na kuzilinganisha. Kazi hiyo haizidi dakika moja, nayo ifanywe kabla mwenye karatasi hajaikunja na kushika njia.