Burma Mara ya Pili

Babu yake mama alienda Burma na keya, 1944, kupigana na Wajapani bonde la Kabaw. Jirani yetu hapa Section 58 alienda 2022. Aliahidiwa kazi ya mauzo Thailand, akavushwa mto Moei usiku hadi Myawaddy. Burma ile ile, siku hizi Myanmar.

Jeshi lilipindua serikali Februari 2021, vita vikaenea, na pale mpakani wanamgambo ndio walinzi wa majumba ya matapeli. Yeye alijifanya msichana mrembo mtandaoni. Ukikosa tageti, shoti ya umeme.

Mamake aliuza ng'ombe wawili ndio akombolewe. Mtaa unasema eti tamaa. Tamaa gani, na ana diploma?

Sasa anauza smokie stage ya Njoro. Namba ngeni ikipiga, hashiki.