TAFAKARI YA JUMA: JE, MCHEZA GOFU NI MWANAMICHEZO?

Tunaandika kutoka Itumba, katika milima yetu ya Ileje. Tafakari ya juma hili imezaliwa na ubishi wa vijana wetu. Baada ya Misa ya Dominika walikuwa wakizungumza habari za Alphonce Simbu, aliyeshinda mbio za marathoni katika mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, akaipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano hayo. Mmoja akasema kwamba hata katika gofu Tanzania inao mabingwa, akamtaja Madina Iddi wa Arusha. Wenzake wakaangua kicheko. Gofu nayo ni michezo? Watu wanatembea kwenye majani, wanapiga kijipira, wanakwenda kunywa chai! Basi tukaombwa tuamue: mcheza gofu ni mwanamichezo kweli, au ni tajiri anayenyoosha miguu?

Swali hilo si jepesi kama linavyosikika. Kiswahili chetu chenyewe kinatutega. Neno "mchezo" tunalitumia kwa mtoto anayejenga nyumba ya udongo, kwa mzee aliyeketi kwenye bao, na kwa Simbu anayekimbia kilomita 42. Tena tunapomwonya mtu tunamwambia asilete mchezo, maana yake asifanye mzaha. Kwa hiyo vijana walikuwa wakiuliza ni mchezo upi unaostahili heshima, na kwa nini.

Kipimo chao kilikuwa jasho. Huku kwetu kipimo hicho kina mizizi. Sisi ni watu wa jembe na miteremko, na asiyetoka jasho tunamtilia shaka kwamba hafanyi kazi. Hata mwalimu na mshonaji hutaniwa hivyo, na mapadre hatujasalimika! Lakini tukilichukua jasho kuwa kipimo pekee, itabidi medali zote tuwape akina mama wanaopanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Kazi yao ni kubwa kuliko michezo mingi, ila hakuna aitaye michezo.

Jambo hili liliwahi kufikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani. Mchezaji wa gofu aitwaye Casey Martin alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya damu uliouharibu mguu wake wa kulia. Aliomba aruhusiwe kutumia kigari katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Wasimamizi wakakataa, wakisema kuchoka kwa kutembea ni sehemu ya mchezo. Tarehe 29 Mei 2001 majaji saba dhidi ya wawili wakampa haki. Mahakamani ulitolewa ushahidi wa mtaalamu kwamba kutembea mashimo yote 18, kwa saa kama tano, hutumia takribani kalori 500 tu. Ilionekana pia kwamba Martin akiwa na kigari chake aliteseka zaidi kuliko wenzake wenye miguu mizima. Kiini cha gofu, walisema majaji, ni kupiga mpira.

Basi na tuangalie huko kuupiga. Mpira wa gofu hauzidi gramu 46. Shimo lina upana wa milimita 108, kama mdomo wa kikombe kikubwa. Mchezaji husimama mbali na shimo hilo, pengine mita 400, naye anapaswa kuufikisha mpira humo kwa mikwaju michache. Nguvu haitoki mikononi pekee. Huanzia nyayoni, hupita nyonga, hujikunja mgongoni, kisha huachiliwa kwa nukta moja. Anayeshika jembe analielewa jambo hili kuliko wengi, kwani mkulima mzoefu hapigi ardhi kwa mkono tu. Mchezaji akikosea kidogo sana, mpira huangukia mbali na alikokusudia. Kisha hatua chache tu kutoka shimoni inambidi ausukume polepole, baada ya saa nne za jua, mikono isitetemeke. Mwili ulioweza kutiishwa namna hiyo umefanyiwa mazoezi ya miaka.

Kanisa nalo limesema neno. Tarehe 1 Juni 2018 Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati juu ya michezo na mwanadamu. Ndani yake tunaona mambo matano yanayoifanya michezo iwe michezo: mwili ulio katika mwendo, kanuni, roho ya kucheza, kushindana, na nafasi iliyo sawa kwa washindani. Gofu inao mwendo wa mwili. Kanuni zake ni nyingi mno. Watu huipenda kwa ajili yake yenyewe. Mashindano yapo, na tangu mwaka 2016 imerudi katika Olimpiki, baada ya kukosekana tangu 1904. Hata Waskoti walioilea, ndugu wa wamisionari waliojenga Livingstonia ng'ambo ya mto wetu Songwe, waliihesabu pamoja na kandanda. Mwaka 1457 bunge lao lilipiga marufuku michezo yote miwili kwa pamoja, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana ni hili: ndiyo, mcheza gofu ni mwanamichezo. Lakini jambo la tano, nafasi iliyo sawa, hatujaligusa. Kabla ya kuligusa, tutazame kwanza fadhila moja ya mchezo huu.

Tulipokuwa seminarini, alasiri zetu zilikuwa za kazi za mikono au za kandanda. Walezi wetu waliamini kwamba mseminari aweza kuificha tabia yake kanisani na darasani, lakini si uwanjani. Nao walikuwa na haki. Katika kandanda tumezoea kungoja filimbi. Mpira ukigusa mkono wa mtu na mwamuzi asione, mchezo unaendelea, na aliyegusa huonekana mjanja. Katika gofu hakuna mwamuzi anayemfuata kila mchezaji vichakani. Mchezaji mwenyewe ndiye anayepaswa kujishtaki.

Mfano mashuhuri ni Mmarekani Bobby Jones. Katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1925, mpira wake ulisogea kidogo kwenye majani marefu alipokuwa akijiandaa kuupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Jones akasema, akasisitiza, akaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Mwishoni akawa amelingana na Willie Macfarlane, wakacheza tena, na Jones akashindwa kwa mkwaju mmoja. Inasimuliwa kwamba hakupenda kusifiwa kwa tendo lile. Aliona ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoiba benki. Miaka mingi baadaye, Desemba 1971, akiwa amedhoofishwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, alibatizwa katika Kanisa Katoliki siku chache kabla ya kufariki. Wapendwa, je, hii si picha nzuri ya kuitafiti dhamiri? Kujishtaki pasipo shahidi ndiko tunakofanya tunapopiga magoti kwenye kitubio.

Tungependa kuishia hapo, lakini habari za Jones hazituruhusu. Mtu huyo huyo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya Augusta, katika jimbo la Georgia, ambako mashindano maarufu ya Masters yalianza mwaka 1934. Kwa miongo mingi waliobeba mifuko ya wachezaji pale walikuwa Weusi. Mweusi wa kwanza kushindana katika Masters, Lee Elder, aliingia mwaka 1975. Klabu ilimpokea mwanachama wake wa kwanza Mweusi mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012. Hatusemi hivi ili kumhukumu marehemu, aliyeishi katika nchi na nyakati za ubaguzi. Tunasema ili tujiangalie. Dhamiri iliyouona mpira uliosogea kidogo kwenye majani haikuliona lango lililofungwa. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo habari za mbu na ngamia. Sehemu hiyo mnaijua.

Barani kwetu mambo hayakuwa tofauti. Huko Durban, mwaka 1963, Papwa Sewsunker, mtu wa asili ya Kihindi aliyeanza kama mbeba mifuko, aliwashinda Wazungu katika mashindano ya wazi ya Natal. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia katika jengo la klabu. Akakabidhiwa kikombe chake nje, kwenye mvua, huku aliowashinda wakiwa ndani. Je, nani aliuliza siku ile kama Papwa alitoka jasho?

Hapa Tanzania gofu ililetwa na Waingereza, ikakaa katika viwanja vya Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro na kule Mufindi kwenye mashamba ya chai. Leo hata Jeshi la Wananchi lina uwanja wake, Lugalo. Tunafurahi kusema kwamba si wachache kati ya wachezaji wetu wa kulipwa walioanza kwa kuwabebea wengine mifuko. Hata hivyo fimbo, mipira na ada vina bei, na kijana wa Ileje atauona mchezo huu kwenye simu tu.

Katika mojawapo ya safari zetu tulisimama kando ya uwanja wa gofu, tukatazama. Mchezaji alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na pembeni yake kijana mwembamba mwenye mfuko begani. Walitembea njia ile ile, wakapanda kilima kile kile. Kijana alirusha majani machache juu apime upepo, akachomoa fimbo, akampa mzee. Mzee hakubisha. Baadaye tulipata kujua kwamba kanuni za gofu zinampa mbeba mfuko heshima ya pekee: katika shindano la mtu mmoja mmoja, yeye tu ndiye anayeruhusiwa kumshauri mchezaji, na akivunja kanuni, adhabu humwangukia mchezaji. Mbele ya kanuni hao wawili ni kitu kimoja. Ila jina moja tu ndilo linaloandikwa ubaoni.

Vijana wapendwa, mlisema mwanamichezo ni yule anayetoka jasho. Kwa kipimo chenu basi, mwanamichezo wa siku ile alikuwa yule kijana. Ila jasho lake ni la kazi, na pengine kazi hiyo inawalisha wadogo zake. Hakupungukiwa jasho. Alichopungukiwa ni zamu yake ya kuushika mchezo.

Nasi tusicheke matajiri wa gofu kabla hatujautazama uwanja wetu wenyewe. Jumamosi alasiri wavulana wetu wanacheza mpira. Dada zao wako wapi? Wengi wako njiani na ndoo za maji, ambayo wavulana hao watakuja kuyaoga wakitoka kucheza. Vijana wenye ulemavu wa miguu huketi kwenye nyasi kulinda viatu na nguo za wenzao. Tunapochangishana kununua mpira na jezi, asiye na mchango hukaa nje bila kusema neno, na sisi tunadhani hapendi michezo. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba hawa wasiingie. Lango letu halina kibao, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuliona.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alichukua mfano wa mashindano ya mbio, watu walioyafahamu vizuri, akawafundisha kujitawala kwa ajili ya taji lisiloharibika. Taji hilo halina ada ya kiingilio, wala halipungui likipewa wengi. Tukiamini hivyo siku ya Dominika, yafaa ionekane Jumamosi uwanjani.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wazazi, gawaneni upya kazi za Jumamosi, wavulana nao wachukue ndoo, ili binti zenu wapate walau saa moja ya kucheza. Nanyi viongozi wa vijana, mnapopanga michezo ya parokia, anzeni na wale wanaolinda nguo: waulizeni wangependa kucheza nini, kisha mtafute namna. Jumuiya ndogo ndogo zizungumzie swali hili juma hili, nasi tutafurahi kusikia mmefikia wapi.

Mungu awabariki nyote. Tunawatakia juma jema lenye amani.

Tumsifu Yesu Kristo!